Risasi Iliyokwama Haitaki Ubabe

Kuna imani iliyoenea sana miongoni mwa watu wanaobeba raifo kwa kazi au kwa leseni: askari wa wanyamapori, wawindaji, mgambo, walinzi wa mashamba makubwa. Wanaamini kwamba risasi ikikwama ndani ya chemba, hiyo ni kazi ya mkono tu, na mzoefu huimaliza palepale alipo. Ataupiga mpini wa bolti kwa kiganja. Ukigoma ataupiga kwa kipande cha gogo, au ataukanyaga kwa kisigino cha buti. Ukizidi kugoma atachokonoa kwa ncha ya kisu, na mwisho atapitisha ufito wa kusafishia kwenye mdomo wa mtutu na kugonga mpaka kilichokwama kitoke. Anayetua bunduki, akangoja, akauliza maswali au akaipeleka kwa fundi, huchekwa kwamba silaha imemshinda.

Imani hii haikubuniwa na wajinga, na ni haki kulisema hilo kabla ya kuivunja. Ilitoka kwa watu waliokuwa porini, mbali na fundi yeyote, na wakati mwingine mbele ya mnyama aliyejeruhiwa. Ina ukweli ndani yake pia: mara nyingi kinachokwama ni ganda tupu, na ganda tupu haliui mtu. Kwa hiyo mtu anaweza kugonga na kuchokonoa kwa miaka mingi bila kuumia, na kila anapofaulu anazidi kuamini kwamba mkono wake unajua. Lakini alichofaulu kukitoa miaka yote hiyo ni ganda tupu. Siku ndani ya chemba itakapokuwa na risasi nzima, mkono huohuo utafanya kazi ileile, kwa nguvu ileile, huku uso ukiwa umeinama juu ya bolti. Ndiyo sababu naipinga imani hii yote, tangu msingi wake.

1. Wanatoa kitu wasichokijua

Kosa linalozaa mengine yote ni hili: wanaanza kutoa kabla ya kujua kilichomo. Chemba inayogoma inaweza kuwa na ganda tupu lililonasa baada ya risasi kulipuka sawasawa. Inaweza kuwa na risasi nzima ambayo bado haijapigwa, iliyobonyea, au yenye uchafu, au isiyo ya bunduki hiyo, au ambayo kichwa chake kimesukumwa mbele mno kikanaswa na mifereji ya ndani ya mtutu. Inaweza kuwa na risasi iliyogongwa na pini ikakataa kulipuka. Na inawezekana kwamba kilichobaki ndani ni kipande tu: ganda limekatika katikati, au ganda limetoka na kichwa cha risasi kimebaki mtutuni.

Hali hizi hazifanani hata kidogo. Risasi inapolipuka, ganda la shaba hutanuka kwa mgandamizo wa gesi na kubana kuta za chemba, na kubana huko ndiko kunakozuia gesi isimrudie mpigaji. Mgandamizo ukishuka, shaba hunywea kidogo na ganda hulegea. Chemba ikiwa na kutu au mikwaruzo, au mgandamizo ukiwa umepita kiasi, shaba hainywei vya kutosha na ganda hung'ang'ania. Hilo ni tatizo la chuma na shaba, na linaweza kutatuliwa kwa utulivu bila mlipuko wowote. Risasi nzima iliyonaswa na mifereji ni jambo jingine kabisa. Mtu akiivuta kwa nguvu, ganda linaweza kutoka peke yake, baruti ikamwagika ndani ya mtambo, na kichwa kikabaki pale kilipo. Yule anayejisifu kwamba ameitoa hutia risasi mpya nyuma ya kizuizi hicho. Akivuta triga, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwake.

Maswali ya kuuliza ni machache, na hayahitaji chombo chochote. Je, bunduki ililia? Mlio ulikuwa wa kawaida, au ulikuwa mdogo kama wa fataki ya watoto? Kitako kilisukuma bega kama siku zote? Kilichotoka ni ganda peke yake, na je, ni zima mpaka shingoni? Mtu aliyekwisha kunyanyua gogo hajajiuliza hata moja.

2. "Haikulia, basi imekufa"

Kauli hii huijia midomo ya watu sekunde ileile pini inapogonga bila mlipuko, na mkono unakuwa umekwisha kufika kwenye bolti. Lakini moto wa risasi hupita hatua: pini hupiga fataki iliyo kitakoni mwa ganda, fataki huwasha baruti, na baruti ndiyo inayosukuma kichwa. Fataki iliyochakaa au baruti iliyopata unyevu inaweza kuchelewesha mwali huo. Kwa kawaida ucheleweshaji huwa sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini mkono uliozoea haraka nao unahitaji sehemu ndogo tu ya sekunde kuifungua bolti.

Tuone kinachobadilika pale bolti inapofunguliwa nusu. Risasi ya .375 H&H, ambayo imetembea sana Afrika ya Mashariki tangu ilipotoka mwaka 1912, inaruhusiwa na viwango vya Marekani kufikia mgandamizo wa wastani wa paundi 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Bolti ikiwa imefungwa, chuma ndicho kinachobeba mzigo huo. Ikiwa imefunguka nusu, kilichobaki kuuzuia ni ukuta mwembamba wa shaba, na nyuma ya shaba hiyo kuna jicho la mtu. Kwa hiyo mafunzo ya silaha huagiza kungoja sekunde 30 kwa uchache, na wakufunzi wengi hufundisha dakika nzima, mtutu ukielekezwa mahali salama na uso ukiwa kando ya mstari wa bolti. Hakuna mnyama aliyekufa anayetoroka katika dakika moja.

Kuna hali moja inayogeuza agizo hilo, nami sitaificha kwa sababu inanipunguzia hoja. Mtutu uliopata moto mkali kwa kupiga mfululizo unaweza kuilipua risasi iliyomo bila triga kuguswa. Miongozo ya jeshi la Marekani kwa bunduki ya M16 huhesabu mtutu kuwa wa moto baada ya risasi 140 ndani ya dakika mbili. Hapo askari huagizwa aitoe risasi ndani ya sekunde 10, na akishindwa aiache bunduki imeelekezwa mahali salama kwa dakika 15. Raifo ya mwindaji, anayepiga mara moja au mbili kisha akatembea, haifiki huko. Lakini sheria hizi mbili zinazopingana zinaonyesha kwamba mazoea ya mkono hayatoshi. Mtu anapaswa kujua mtutu wake uko katika hali gani kabla ya kuchagua kungoja au kuharakisha, na imani ninayoipinga haimtaki ajue chochote.

3. Ufito kutoka mdomoni mwa mtutu

Hii ndiyo mbinu wanayoiamini kuliko zote. Wanasema ufito unasukuma kutoka mbele, mtu yuko mbali na bolti, kwa hiyo ni salama. Kwa ganda tupu wana haki. Ukishahakikisha kwamba risasi ilipigwa, magazini imetolewa, bolti iko wazi na hakuna kichwa kilichobaki mtutuni, ufito wa shaba unaokaribia upana wa mtutu, matone ya mafuta ya kulegeza kutu na muda wa kungoja vitatoa ganda kwa kugonga kidogokidogo.

Kwa risasi nzima hali ni tofauti kabisa. Anayegonga ufito ameweka kiganja, na pengine kifua, mbele ya mdomo wa mtutu ulio na risasi. Chini ya ufito kuna kichwa, nyuma ya kichwa kuna baruti, na nyuma ya baruti kuna fataki iliyoegemea uso wa bolti. Ikilipuka, ufito wenyewe unakuwa risasi ya kwanza kutoka, na unapita kwenye mkono ulioushika. Isipolipuka, bado kuna madhara ambayo macho hayayaoni: kichwa kimesukumwa ndani zaidi ya ganda, nafasi ya baruti imepungua, na risasi hiyo ikipigwa baadaye mgandamizo wake utapanda kuliko ilivyokusudiwa. Nayo hupigwa. Risasi ni ghali, na mtu aliyeitoa kwa ufito huipangusa kwenye suruali, akaitazama, akairudisha kwenye mkanda.

4. Kisu, gogo na kitako chini

Kisu ndicho chombo cha hatari zaidi pale kinapodharauliwa zaidi, yaani kwenye raifo ndogo ya .22 inayotumika kufukuza ngedere na ndege mashambani. Risasi hiyo haina fataki katikati ya kitako. Mchanganyiko unaowasha baruti umewekwa ndani ya ukingo wote wa ganda, mzunguko mzima. Anayeingiza ncha ya kisu kwenye ukingo huo na kuupinda anaichokonoa sehemu ileile ambayo pini ingeigonga. Watu huidharau risasi hii kwa udogo wake. Lakini risasi inayolipuka nje ya chemba haisukumi kichwa mbali, kwa kuwa hakuna chemba ya kuubana mlipuko. Ganda ndilo linalopasuka, na vipande vya shaba ndivyo vinavyoruka, karibu kabisa na macho ya aliyeinama. Miwani ya kukinga macho ni kitu cha bei ndogo, na sijaona mlinzi wa shamba aliyepewa hata moja.

Wengine hushika mpini kwa mkono mmoja na kukibamiza kitako ardhini. Wanapofanya hivyo, mdomo wa mtutu unatazama juu, sambamba na kidevu chao wenyewe, na kilichomo ndani hawakijui. Kuhusu gogo na kisigino cha buti nitaongeza jambo moja: ukucha unaovuta ganda hauna nguvu isiyo na mwisho. Ukilazimishwa, ama unavunjika ama unang'oa ukingo wa ganda, na baada ya hapo hakuna tena pa kulishika. Kazi ambayo fundi angeimaliza upesi inakuwa kazi ya kununua kifaa kipya.

5. Mafuta

Wanaodai kwamba chemba ikijazwa mafuta risasi haitakwama, hawajui ganda linafanya kazi gani. Ganda kavu hushika kuta za chemba, na kwa kushika huko hupunguza msukumo unaokwenda kwenye bolti. Chemba iliyolowa mafuta huliachia ganda liteleze nyuma, na bolti hubeba mzigo wote. Na wale wanaomimina mafuta juu ya risasi iliyogoma ili "kuiua" wasiitegemee hila hiyo hata siku moja, kwa sababu risasi za viwandani mara nyingi huzibwa zisipenywe na unyevu.

6. Hoja ya nyati

Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu. Nyati aliyejeruhiwa anakuja, risasi imekwama, na mimi nahubiri kuhusu sekunde 30. Sihubiri hivyo. Mtu aliye mbele ya nyati avute bolti kwa nguvu zake zote, kwa maana hatari iliyo mbele yake ni kubwa kuliko iliyo ndani ya chemba.

Lakini tazama jinsi hoja hii inavyotumiwa. Sheria ya haraka ya mbele ya nyati hubebwa ikapelekwa kambini, uani na kwenye ghala la silaha, mahali ambapo hakuna nyati, hakuna adui, na kinachomharakisha mtu ni macho ya wenzake tu. Tena, wawindaji wa zamani walioheshimiwa kwa wanyama hatari hawakutegemea ubabe wa kung'oa risasi. Wengi walibeba raifo ya mitutu miwili, yenye mitambo miwili inayojitegemea, ili mmoja ukigoma mwingine uwepo. Watengenezaji nao walilifikiria joto la kwetu. Risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911 ilipewa ganda kubwa ili mgandamizo ubaki chini, kwa kuwa mgandamizo wa baruti za enzi zile ulipanda mno kwa joto, na ganda lililobanwa mno halitoki. Waliolijua pori walizuia risasi isikwame. Waliokuja baadaye wakaisahau hekima hiyo, wakabaki na gogo.

Wanapenda pia kusema kwamba mzoefu anaijua silaha yake. Nani aliijua bolti kuliko Paul Mauser? Raifo yake ya mwaka 1898 ilikuwa na ukucha mpana unaoshika ganda tangu linapotoka kwenye magazini, na kwenye bolti hiyohiyo alitoboa matundu ya kuelekeza gesi mbali na uso wa mpigaji, kwa sababu alitarajia kwamba siku moja ganda lingepasuka. Mwaka 1901 alipoteza jicho katika ajali wakati wa kujaribu bunduki aliyokuwa akiiunda. Kama uzoefu hukinga macho, yake yangekuwa ya kwanza kukingwa.

7. "Mzembe ni aliyeishika"

Sehemu hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu hapa imani inajipinga yenyewe na bado inabaki imesimama. Kabla ya ajali, risasi iliyokwama ni jambo dogo la mkono. Baada ya ajali, aliyeumia alikuwa mzembe. Kwa njia zote mbili, hakuna anayeichunguza chemba, wala risasi, wala aliyezinunua.

Historia ya majeshi imejaa watu waliolipia ukaidi huu. Huko Abu Klea nchini Sudan, Januari 1885, askari wa Uingereza walishika Martini-Henry zinazotumia ganda la bati jembamba la shaba lililoviringishwa. Katika joto na mchanga maganda yakanasa, na watu wakafa wakihangaika nayo. Aprili 1915, huko Ypres nchini Ubelgiji, askari wa Kanada walikuwa na raifo ya Ross, yenye bolti inayovutwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Chemba zake zilibana, risasi walizopewa zilitofautiana vipimo, na vilimi vya bolti viliharibika kwa kugonga kizuizi chake. Wakiwa vitani, watu walipiga bolti kwa buti na kwa koleo. Wengi waliitupa Ross na kuokota raifo za Lee-Enfield za Waingereza waliokufa. Wakati huo waziri wa majeshi wa Kanada, Sam Hughes, aliendelea kuitetea bunduki hiyo. Iliondolewa vitani mwaka 1916, na Hughes mwenyewe akaondolewa wizarani mwaka huohuo.

Nusu karne baadaye Wamarekani waliyarudia yaleyale Vietnam. M16 za kwanza ziliacha maganda ndani ya chemba, na askari wakalazimika kuyagonga kwa ufito chini ya moto wa adui. Lawama zikaenda kwa vijana kwamba hawasafishi bunduki. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Richard Ichord ilipochunguza mwaka 1967, ilikuta kwamba baruti ilibadilishwa bila majaribio ya kutosha, kwamba chemba hazikupakwa kromiamu, na kwamba vijana hao walipelekwa vitani bila vifaa vya kutosha vya kusafishia. Chemba zilipopakwa kromiamu na vifaa vikatolewa, tatizo lilipungua sana. Uzembe ulikuwa ofisini.

Kwetu sababu ni za kila siku, na kila moja ina mwenyewe. Risasi huachwa juu ya dashibodi ya gari juani, baruti ikapata joto na mgandamizo ukapanda. Huwekwa miezi kwenye mkanda wa ngozi, na tindikali zilizotumika kuitengeneza ngozi hula shaba ikaota kutu ya kijani. Kwenye hewa ya chumvi ya pwani, bunduki iliyopiga risasi zenye fataki za mtindo wa zamani huachiwa chumvi inayovuta maji ndani ya mtutu na chemba. Mafuta peke yake hayaiondoi. Inataka maji ya moto kwanza, kisha kukaushwa, kisha mafuta. Ni mwajiri gani amemwambia mlinzi wake jambo hilo? Mlinzi hukabidhiwa bunduki iliyopita mikononi mwa watu wengi na risasi chache za umri usiojulikana, na siku ganda linaponasa, mshahara wake ndio unaotishiwa kukatwa kwa ajili ya fundi. Mpe mtu chaguo kati ya kukatwa fedha na kuazima kisu, utaona atachagua nini. Wanaosema fundi ni ghali wanaihesabu bei ya fundi na kuacha kuihesabu bei ya jicho, kwa kuwa jicho hulipiwa na mwingine.

Ninachotaka kifanyike kinajulikana. Magazini itolewe, mtutu uelekee mahali salama, mtu angoje. Bolti ijaribiwe mara moja kwa mkono mtupu, uso ukiwa kando na macho yakiwa na miwani. Ikigoma, bunduki ifungiwe kibandiko kinachosema ina risasi, itengwe peke yake, na iende kwa fundi wa silaha mwenye idhini, kwa gharama ya mwenye bunduki, si ya aliyekuwa zamu. Risasi itakayotolewa isirudi kwenye mkanda. Ipelekwe polisi au kwa muuzaji mwenye leseni pamoja na nyingine za boksi hilo, na daftari la silaha liandike ni risasi ya boksi lipi, ilikwama vipi na chemba ilikutwa na nini, ili atakayekabidhiwa bunduki hiyo zamu inayofuata ayasome kabla ya kukoki.